Moshi wa Mbu Bustanini kwa Bi Kanta

Siku ya kuniaga mlinipa feni. Umri wangu wote wa kazi nimeumaliza nje, napepewa bure na upepo wa Mwenyezi Mungu, halafu siku ya mwisho mnanipa feni! Nashukuru, msinune. Ipo chumbani kwangu Gando, na umeme ukijisikia kuja, inazunguka. Lakini pilau lilipokwisha mlinizunguka nyote mnaobaki pale bustanini, mkaniuliza kitu kimoja tu: "Bi Mize, ile dawa yako ya mbu huwa unatia nini?" Hakuna aliyeuliza asumini inapogolewa vipi. Hakuna aliyeuliza kwa nini mlangilangi wetu umegoma kutoa maua. Mbu, mbu, mbu. Haya, kaeni chini. Nitawaambia, ila nitaanzia mwanzo, kwa sababu miye sijui kuanzia katikati.

Habari za vyeo hamtazisikia hapa. Bustani haina cheo. Ukiingia u mtu wa jembe, ukitoka u mtu wa jembe mwenye kuumwa mgongo.

Nilikuja Wete na jembe langu begani, maana mama alisema ni aibu kwenda kazini mikono mitupu. Mlango alinifungulia Bi Kanta mwenyewe. Nyinyi mmemkuta keshakuwa mtu wa kukaa kitini na kuamrisha, lakini siku zile alikuwa anazunguka nyumba nzima na funguo kiunoni. Mhindi wa Wete, kazaliwa Wete, na mama yake kazaliwa Wete. Akikutukana kwa Kipemba unatafuta pa kujificha. Mbele alikuwa na duka la vyakula, nyuma nyumba ya wageni, na katikati ndiyo bustani. Chini ya sari yake alikuwa amevaa soksi za wachezaji mpira, zile ndefu za kufika magotini, na jua lilikuwa la kukaanga mtu.

"Usizicheke," akaniambia. "Magharibi ikiingia utaniomba moja."

Sikuomba, kwa kiburi tu. Jioni ile nilirudi kwa shangazi yangu nimevimba miguu mpaka akaniuliza kama nimekwenda kufanya kazi au kupigwa.

Wa kunifunza kazi alikuwa Mzee Faki. Zamani alikuwa mchumaji karafuu, tena wa kileleni, mpaka siku moja tawi likamwachia, akashuka bila kutaka, na mguu mmoja haukurudi tena kuwa mguu. Mume wa Bi Kanta, alipokuwa hai, ndiye aliyempa kazi ya bustani na chumba kidogo nyuma ya mipapai. Mke wake alikuwa keshafariki na mtoto hakujaaliwa. Kile chumba ndicho kilichokuwa kwao, hakuwa na kwengine. Kitanda, redio, msala na picha ya timu ya mpira ambayo ilikwisha kuvunjika zamani.

Aliliangalia jembe langu kama mtu anayetazama samaki wa jana.

"Liweke hilo. Leo hulimi. Leo wapindua."

Tukapindua. Vifuu vya nazi, makopo ya rangi, sahani za chini ya vyungu vya maua, beseni la kumnyweshea kuku ambaye alikwisha kuliwa, kiatu cha mgeni kilichosahauliwa chini ya kichaka cha mbarika. Kila chenye maji kilikuwa na viluwiluwi vinacheza ngoma. Hata mgomba: palipokutana jani na shina palikuwa na kidimbwi cha maji, na ndani yake watoto wa mbu wamejaa tele. Mzee Faki alichota maji ya kifuu kimoja, akanisogezea puani.

"Waona? Watu wasema mbu watoka mtoni, watoka kwenye mikoko, watoka kwa jirani. Hawa hawakutoka popote. Hawa ni wazaliwa wa hapa hapa. Siye ndio tuliowalea."

Basi hilo ndilo la kwanza, na mkisahau yote bakini nalo. Dawa ya kwanza ya mbu haipikwi, inamwagwa. Kila asubuhi, kabla hujanywa chai, zunguka, pindua, mwaga, futa. Mkiliacha hili mkakimbilia kutwanga majani, mtakuwa mnawatia manukato mbu wenu wenyewe.

La pili ni la kuvunja moyo. Kila mwenye bustani siku hizi kasikia mchaichai unafukuza mbu, kwa hiyo anaupanda mstari mmoja mzuri, anakaa kando yake kwenye kiti, anaumwa. Anashangaa! Mchaichai uliosimama tu ni majani. Mbu anaupitia hivi hivi, na pengine anapumzika juu yake. Harufu imo ndani, na haitoki mpaka uuudhi mmea. Kivumbasi vivyo hivyo, mrehani vivyo hivyo. Ndiyo maana Mzee Faki akipita njiani alikuwa anavipiga vichaka kwa bakora yake, na wageni wakidhani mzee yule ana hasira na mimea. Hasira alikuwa nazo, lakini si za mimea.

Sasa dawa yenyewe. Chukua kivumbasi, majani na maua, kadiri mikono miwili inavyoweza kukumbatia. Kata mchaichai vipande, utie na majani machache ya mwarobaini. Twanga kwenye kinu mpaka uone maji ya kijani na macho yaanze kukuwasha. Tia chunguni na maji, funika, chemsha kidogo tu, epua, uache na kifuniko chake mpaka ipoe. Ukifunua mapema, dawa yote inapanda juu na mvuke na wewe unabaki na supu. Chuja kwa kipande cha kanga kuukuu, tia sabuni ya kipande iliyokunwa, kidogo, ili maji yashike kwenye majani. Unapuliza chini ya viti, kwenye ua, na upande wa chini wa majani, kwa sababu mchana mbu analala huko, kwenye kivuli, kama karani. Puliza jua linapopungua, na mvua ikinyesha rudia. Haikai siku mbili. Atakayewaambia inakaa wiki anawauzia kitu.

Ya kujipaka ni mafuta ya nazi na karafuu. Karafuu kavu ziponde, tia kwenye mafuta, weka juu ya moto mdogo, yasichemke, kisha funga chupa uianike juani siku kadhaa. Jipake kidogo miguuni na mikononi. Usipake machoni, usipake watoto wachanga, na msiniletee habari ya kujipaka mafuta ya karafuu ya kiwandani bila kuyachanganya. Mgeni mmoja alifanya hivyo, alikaa ndani ya bafu mpaka jioni akiita jina la mama yake. Na usiku, wanangu, lala ndani ya chandarua. Yote haya ni ya kukaa barazani mtu anywe chai yake kwa raha. Ya kulala ni chandarua.

Msidhani tulianza na hekima hiyo. Dawa ya kwanza ya Mzee Faki nilipofika ilikuwa mavi ya ng'ombe makavu, anayachoma kwenye bati pembeni mwa bustani. Mbu walikimbia, sikatai. Wageni nao walikimbia, na wao ndio waliokuwa wanalipa vyumba. Kisha tukajaribu maji ya kitunguu thomu na pilipili. Tulipuliza mawaridi yote, na jioni ile kila mgeni aliyetoka chumbani aliuliza kuna nini cha kula. Bi Kanta alituita wote wawili dukani, akafunga mlango.

"Nimewaambia mfukuze mbu. Nyinyi mnaniungia bustani!"

Mzee Faki akamjibu kwamba haijatiwa chumvi bado. Walizoeana wale, wakitukanana tangu asubuhi, na siku mmoja akiumwa mwengine hali.

Na kuna kisa cha chupa. Nilikuwa nimechuja dawa yangu nzuri ya kijani, nikaitia kwenye chupa ya juisi, nikaiweka kivulini juu ya meza ya bustani wakati naifuata bomba ya kupulizia. Kurudi, mgeni mmoja mrefu wa kutoka Ulaya ameimaliza nusu. Mwarobaini ule! Nilisimama naona kaburi langu. Yule bwana akajifuta mdomo, akasema ni chungu lakini anaiona afya inamwingia, na kesho atataka tena. Tukamwangalia siku nzima. Hakufa, hakuumwa hata tumbo. "Sasa mbu akimuuma huyu," Mzee Faki akasema, "atakufa mbu." Tangu siku ile dawa zangu zote naziandika ubavuni kwa maandishi makubwa, na nyinyi mwendelee hivyo hivyo.

Moshi ndio uliokuja kututoa kimasomaso. Tulikuwa na makonyo, vile vijiti vya karafuu ambavyo watu wa shamba wanavibagua wakishachambua. Unachukua chetezo, unaweka kaa moja la moto, juu yake makumbi ya nazi yanayotoa moshi bila kuwaka, juu yake makonyo na kivumbasi kikavu na maganda ya ndimu. Unakiweka pembezoni, upande unaotoka upepo, mbali na pua za watu. Harufu yake ni ya jiko la mtu mwenye nafasi. Miaka mingi tulikwenda hivyo, tunapindua, tunapuliza, tunafukiza, na mbu wakapungua. Hawakwisha. Mbu hawaishi, lakini watu waliweza kukaa.

Hapo ndipo alipotokea Nitin.

Nitin ni mtoto wa pekee wa Bi Kanta. Nimemkuta mdogo, anapanda mabegani kwa Mzee Faki kuchuma mapera na kumwita Babu Faki. Alikwenda Dar es Salaam kusoma na kufanya biashara, akarudi mtu mzima mwenye viatu vya kumeremeta na mke mpya, Hetal, aliyemuoa Bara Hindi. Binti mpole, mwenye kicheko cha kuziba mdomo. Kiswahili chake wakati ule kilikuwa "asante" na "chumvi". Nitin yeye alirudi na maarifa. Alisimama katikati ya bustani na simu mkononi, akatusomea.

"Mgeni kaandika mtandaoni: bustani nzuri, mbu wengi."

"Nusu yake sifa," Mzee Faki akasema.

Nitin hakucheka. Akasema mbu wanakaa kwenye majani, kwa hiyo majani yataondoka. Bustani yote itamwagwa zege, viti vya plastiki, vyungu vya maua ya plastiki. Nyuma ya mipapai patawekwa jenereta.

Nikamuuliza, "Na chumba cha Mzee Faki?"

"Tutamtafutia pahala."

Nyote mnajua maana ya kutafutiwa pahala. Nilimwangalia Mzee Faki nikitegemea atamrushia bakora. Wapi! Aliingia chumbani kwake akafungua redio, na redio ile siku hiyo haikuwa na hata betri. Jambo lile liliniuma kuliko zege lenyewe.

Bi Kanta ndiye aliyeamua, kwa namna yake. Mwalimu Time, jirani yetu, alikuwa anamuoza binti yake, na ukumbi aliokuwa ameahidiwa ulimponyoka. Akaomba bustani kwa shughuli ya kupamba, wanawake watupu, kuanzia Alasiri mpaka Magharibi. Bi Kanta akamwambia mwanawe mbele yetu: "Wanawake wa Wete wakikaa humu mpaka Magharibi bila kujipiga makofi miguuni, bustani inabaki na Faki anabaki. Wakijipiga, mlete fundi wako." Nitin akakubali. Mifuko ya saruji ilikuwa imeshapangwa barazani, na fundi keshaambiwa aje asubuhi baada ya shughuli.

Basi nilifanya kazi siku zile mpaka nikasahau kula. Sikuacha kifuu kimoja kinatazama juu. Nilipuliza ua mara mbili. Nilipanga vyetezo vyangu vya makonyo pembe zote, na vyetezo vya Mwalimu Time vya udi karibu na jukwaa la bibi harusi, maana harusi bila udi ni mkutano tu. Mzee Faki alisaga, alichambua, alinigombeza. Ilipoadhiniwa Alasiri alisali, akaingia chumbani kwake, akatia komeo kwa ndani. Mwanamme hatokezi kwenye shughuli ya kupamba. Tena masikio yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo akalala usingizi wake.

Na miye nikaenda nyuma kukoga na kuvaa. Wanawake wamekwisha kuanza kuingia, wamenukia, wamemeremeta, taarabu inapigwa.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Hetal alikuwa ananiona mchana kutwa nahangaika na mbu, na moyo wake mzuri ukataka kusaidia. Kwao, wakifanya ibada nyumbani, wanawasha kafuri. Ndiyo harufu ya Mungu, ya baraka, ya siku njema. Na tena inafukuza mbu. Akaenda dukani kwa mama mkwe, akachukua pakiti nzima, akapita chetezo kimoja baada ya kingine akitia vidonge vile vyeupe, kwa mkono usio na choyo hata kidogo. Kwenye makonyo akatia. Kwenye udi akatia zaidi.

Kwetu siye kafuri tunaijua kwa jina la karafuu maiti. Haja ya kuieleza iko wapi? Inatiwa kwenye maji ya mwisho ya kumuoshea marehemu, inapakwa kwenye viungo vyake vya kusujudia, na sanda inafukizwa udi. Udi peke yake ni bibi harusi. Udi na karafuu maiti pamoja ni mtu anayetoka nyumbani kwake mara ya mwisho.

Bibi yake bibi harusi, Bi Raya, alikuwa amekaa kiti cha mbele. Na Bi Raya, mjue, ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa wanawake wa mtaa mzima. Pua yake ile ilikuwa na ujuzi. Alinusa mara moja. Akanusa tena. Akasimama.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun!"

Wanawake wote wakaitikia, maana maneno yale yakisikika mdomo unajibu wenyewe. Taarabu ikazimwa. Hapo ndipo kila mmoja aliponusa. Kanga zikapandishwa vichwani, mtu wa kwanza akaanza kulia bila kujua anamlilia nani, wa pili akamfuata kwa sababu hawezi kukaa kimya mwenziwe akilia. Mwalimu Time akamkumbatia binti yake aliyejaa hina na dhahabu, akapiga kelele: "Nani kamwombea mwanangu kifo? Nani?"

Miye nilitoka mbio kichwa kina povu. Nilinusa, nikajua, nikataka ardhi inimeze.

Mwalikwa mmoja alikuwa kachelewa, ndio kwanza anafika getini. Akasikia kilio, akanusa moshi, akageuka pale pale. Nje ya msikiti wanaume walikuwa wamekaa baada ya sala. "Kuna msiba kwa Bi Kanta," akawaambia, na wao kwa akili zao wakaanza kupiga hesabu. Nyumba ya Wahindu, lakini harufu ni ya Kiislamu. Waislamu wa nyumba ile ni wawili, Bi Mize na Mzee Faki. Bi Mize kaonekana sasa hivi akikimbia na povu. Basi ni Mzee Faki! Mtu mzima, mguu mbovu, tangu Alasiri hajaonekana. Imekwisha hiyo. Jeneza likatolewa msikitini, mtu akaenda kuulizia sanda, na kabla sijafika kwenye chetezo cha kwanza na ndoo yangu ya maji, wanaume wapo getini wamevua viatu.

"Alikuwa mtu mwema," nilimsikia mmoja.

"Ukiondoa mdomo," akajibu mwenziwe.

Habari ilimfikia Nitin dukani. Nilimwona akiingia, na sitasahau. Kiatu kimoja kimemtoka. Akapita katikati ya shughuli ya wanawake, mwanamme mzima, na wanawake wakajifunika huku wakimpisha, maana uso wake haukuwa uso wa mtu wa kugombezwa. Akaufikia mlango wa nyuma ya mipapai, akausukuma, umefungwa kwa ndani. Akaugonga kwa ngumi zote mbili.

"Babu Faki! Babu Faki, fungua!"

Komeo halikusogea. Basi akakaa kizingitini na suruali yake ya pasi, akalia. Si kulia kwa kiume kwa kujifuta jicho moja. Alilia kwa sauti, kama alivyokuwa akilia mdogo akianguka mperani. "Nisamehe, Babu. Ningekutoa kwa ajili ya jenereta. Nisamehe, mie mjinga, sikujua utakwenda bila kuniaga." Wanawake wa Wete wakasikia, jukwaa zima likasikia, wanaume wa getini wakasikia. Bi Kanta alisimama nyuma yake, kajishika kifua, hana rangi. Na miye, ninayejua kwamba ni kafuri tu, nililia pia. Kwa sekunde zile niliamini kweli kafa, kwa sababu alikuwa hafungui.

Komeo likalia.

Mlango ukafunguka, akatokeza Mzee Faki na kikoi chake, kofia imekaa upande, alama ya mto shavuni. Akamtazama Nitin pale chini. Akawatazama wanawake. Akaliona jeneza getini.

"Nani kafa?" akauliza.

Mwisho Bi Raya, kwa kuwa ndiye mwenye kazi yake, akasema, "Weye."

"Miye? Tangu lini?"

Sijui nani aliyeanza kucheka. Nadhani ni bibi harusi mwenyewe, na wanja wake wote ukashuka mashavuni. Kicheko kikapita bustani yote, kikatoka getini kwa wanaume, na mwenye kulishika jeneza upande wa mbele akalazimika kulitua chini. Bi Kanta alimtukana Mzee Faki matusi ambayo sijayasikia kabla wala baada, huku machozi yanamtiririka, na yeye akasimama pale anayapokea kama mtu anayepewa salamu.

Nilimkuta Hetal jikoni, kajikunja nyuma ya mapipa ya mchele, analia. Bi Kanta alikuwa keshamweleza kwa Kigujarati, na binti wa watu alidhani ameharibu harusi na jina la nyumba. Nilimshika mkono nikampeleka kwa Bi Raya, na Bi Kanta akafasiri kwamba kwao ile ni harufu ya kuombea heri. Bi Raya akamsikiliza, akampangusa uso kwa ncha ya kanga yake.

"Mwambie asilie. Na mwambie miye bado nipo nipo, asiniharakishe."

Jeneza likarudi msikitini jepesi kama lilivyokuja. Wanaume walipelekewa biriani nje, maana mtu aliyekuja kuzika hawezi kurudishwa na njaa. Taarabu ikawashwa tena. Wanawake wakakaa mpaka Magharibi inaadhiniwa, wakacheza, wakatunza, na hakuna hata mmoja aliyejipiga kofi mguuni. Mbu wote wa Wete, nafikiri, walikuwa wamekwenda kuulizia maziko ni saa ngapi.

Kwa hiyo mkiniuliza kafuri inafanya kazi, nasema inafanya, kuliko majani yangu yote na kinu changu. Na msiitie kamwe, kwa sababu mnaishi Pemba.

Kuhusu bustani, jioni ile halikuamuliwa lolote. Bi Kanta hakumkumbusha mwanawe masharti, na Nitin hakusema kashindwa wala kashinda. Mzee Faki alikula biriani sahani mbili, akarudi kulala. Miye sikulala. Nilikuwa naiona ile mifuko ya saruji barazani, na najua mtu anaweza kulia leo na kesho akaamka na hesabu zake.

Asubuhi fundi akaja na sepeto na vijana wake, kama alivyoambiwa. Nitin alikuwa dukani anapima sukari. Fundi akamuuliza zege lianzie upande gani. Nitin hakuinua macho kwenye mizani.

"Muulize marehemu."

Fundi akazunguka nyuma ya mipapai, akamkuta Mzee Faki amekaa kizingitini na bakuli la uji, akamwamkia kwa adabu, akamwambia ameagizwa amuulize yeye pa kuanzia.

"Anzia kwenu," marehemu akamjibu, akaendelea kunywa uji wake.